Kigae Kilichofukizwa Udi

Siku ile tulikuwa hivi, nyumbani kwa binti yangu, ghorofa ya tatu, Bani Malik, Jeddah. Mimi, bibi mzaa mama. Binti yangu mwenyewe, mzazi, aliyekuwa akitoka arobaini. Mumewe, kijana wa Unguja anayefanya kazi bandarini, mtu ambaye siku ya kazi humwoni na siku ya mapumziko humwamshi. Mamake huyo mume, bibi mzaa baba, aliyekuja kwa umra akabaki kumwona mjukuu. Mimi na yeye tuliitana mkwe huku na mkwe kule, lakini hapa nitamwita Bibi wa Unguja msije mkatuchanganya. Jirani wa mlango wa pili, Msomali, na binti zake. Jirani wa chini, dereva, Mkamba wa Machakos, Mkristo, si ndugu wa yeyote kati yetu, lakini ndiye aliyempeleka binti yangu hospitali uchungu ulipomshika, kwa mwendo ambao hata leo hatuutaji mbele ya mumewe. Na mwenye shughuli, mtoto wa kike, aliyelala tangu mwanzo mpaka mwisho.

Majina yao ninayo yote. Shule sikuimaliza, nilitolewa mapema nikalee wadogo zangu, lakini jina likishaniingia kichwani halitoki tena. Ninayajua mpaka majina ya mabinti wa Kisomali na la paka wao. Ila wengine bado wako chini ya kafili, mdhamini wao wa kazi, na wengine hawapendi kuandikwa, kwa hivyo majina nimeyafungia kinywani.

Sasa nianze na dereva, kwa sababu bila yeye hakuna kisa.

Kampuni yake hukodisha magari makubwa ya jangwani, na mwaka ule yeye na gari lake walikodishwa na watu wanaochimba mambo ya kale. Walikuwa wakichimba kilima fulani kule kaskazini, mbele ya Tabuki. Akishamaliza zamu alirudi Jeddah kulifanyia gari huduma, akapanda ngazi kuja kwetu kula, maana chumbani kwao ni wanaume watupu na wanachojua ni mayai. Nilipokuwa mpishi kwenye nyumba za watu, mtaa wa Hindawiyah, nilizoea kumpikia yeyote anayebisha hodi. Mazoea hayo hayakunitoka.

Mimi nilidhani anachimba mlima. Nikamwuliza, "Mlima mwachimbia nini? Mwatafuta maji?"

"Nyanya, hiyo si mlima ya Mungu," akasema. "Hiyo ni mlima ya watu. Nyumba ilianguka, wakasawazisha, wakajenga juu yake. Hiyo nayo ikaanguka, wakajenga tena. Baba, mtoto, mjukuu, wote hapo hapo. Ukikata kilima katikati unaona laini, laini, laini, mistari kama ya ubao."

Hapo nikaelewa. Kwetu Mombasa kuna mlango wa nyumba ya marehemu mamangu. Ukiukwangua rangi ya kijani waona buluu, ukiikwangua buluu waona nyeupe, na chini yake mti wenyewe. Kila rangi ni ya arusi ya mtu fulani, nami naweza kukutajia bibi arusi wa kila rangi. Nikamwambia, "Basi hao wakwangua mlango."

"Ndiyo, lakini kwa brashi ya meno," akasema. "Siku nzima, meta moja."

Kilichomfanya akipende kilima kile kilikuwa kitu kingine. Wachimbaji walikuwa wakisema kwamba huenda, narudia, huenda, hapo palikuwa Midiani, nchi aliyokimbilia Musa alipomhofia Firauni. Musa akakaa kisimani, wakaja wasichana na kondoo wao, akawatekea maji, na baba yao akampa mmoja awe mkewe. Kisa hicho mimi nakijua tangu chuo cha Kurani, na yeye anakijua tangu kanisani, kwa hivyo tulikibishania mezani mara nyingi.

"Huyo mzee twasema ni Nabii Shuaibu," nikamwambia.

"Sisi tunasema Yethro."

"Na wasichana walikuwa wawili."

"Aah, Nyanya! Saba."

"Wawili."

"Saba! Imeandikwa."

Bibi wa Unguja alikuwa akichambua mchele. Akasema bila kuinua macho, "Saba walikuwapo, wawili ndo walokwenda kisimani. Watano wamebaki nyumbani wanapika. Kondoo watanyweshwa, na watu je, wasile?"

Tukacheka mpaka mtoto akashtuka. Tangu siku hiyo, Bibi wa Unguja na dereva wakawa marafiki.

Neno ambalo dereva hakulipenda ni lile "huenda". Mkubwa wao pale kilimani alikuwa mwanamke wa Kisaudi, daktari, si wa kutibu watu, wa mambo hayo ya kale. Kila dereva akimwuliza, "Daktari, hapa ndipo alipokaa Musa?" yeye humjibu kwa Kiarabu, "Yumkin." Huenda. "Amesoma miaka yote hiyo," dereva akanilalamikia, "na bado anasema huenda. Mchungaji wetu hajasoma hivyo na hasemi huenda hata siku moja."

Basi jioni moja, mtoto akiwa bado hajatimiza arobaini, dereva akaja bila njaa. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Akakaa ukingoni mwa kiti, akatoa mfukoni soksi iliyofungwa fundo, akaiweka mezani.

"Nyanya, niwekee hii kitu."

"Soksi?"

"Iliyo ndani."

Nikafungua. Kigae. Kipande cha chungu, kipana kama kiganja, kimepinda kidogo kama kikombe, chekundu, upande wa nje kina weusi wa moto. Vigae kama hivyo kwetu vimejaa uani, kuku wavikanyaga.

"Ni cha kule," akasema kwa sauti ndogo.

Akanieleza. Gurudumu lilitoboka chini ya kilima. Alipopiga magoti kuweka jeki, kile kigae kilikuwa pale mchangani, kinamtazama. Akamkumbuka mamake. Mamake ni mzee, hatoki kitandani kwa ajili ya miguu, na kila Jumapili humwuliza kwenye simu, "Mwanangu, hapo ulipo ni karibu na nchi ya Musa?" Akaona akimpelekea kipande cha nchi ya Musa akishike mkononi, atakuwa amempelekea kitu ambacho hakuna mtoto mwingine wa kijiji kile amewahi kumpelekea mamake. Akakitia mfukoni.

Wiki iliyofuata, kampuni ikawaita madereva wote. Wakaambiwa: atakayeondoka na kitu cha kilimani, hata kikiwa kidogo kama ukucha, kazi halas, imekwisha, ikama, kibali cha kuishi, halas, uwanja wa ndege. Vitu hivyo ni mali ya nchi.

"Sikulala," akasema. "Na chumbani tuko wengi, na hao jamaa wanaazimana soksi."

Nikamwambia akirudishe. Akasema anataka, lakini akirudisha lazima aseme alikitoa wapi, na akisema amejifukuza kazi kwa mdomo wake mwenyewe. Ana watoto wawili shuleni, ana huyo mama. Mwisho akasema, "Jumamosi napeleka vifaa vyao Riyadh, kwenye ghala yao. Daktari atakuwa huko. Nitajua la kufanya nikifika." Nikakichukua kile kigae, nikakificha kabatini jikoni, juu, nyuma ya mkebe wa unga. Sikumwambia mtu.

Ikaja arobaini. Ilikuwa Ijumaa. Binti yangu alikuwa amepakwa hina na piko na Msomali wetu, amevaa leso mpya, anang'ara kama arusi ni yake kwa mara ya pili. Mimi nilikuwa kwenye pilau na Bibi wa Unguja kwenye bokoboko, na kila mmoja akionja cha mwenziwe na kusema, "Si kibaya." Kwetu sisi wawili hiyo ni sifa kubwa.

Ukafika wakati wa udi. Mzazi hatoki arobaini bila kufukizwa, yeye na mwanawe na nguo zao. Binti yangu akaleta chetezo chake, kile cha kisasa, cha kuchaji kama simu. Ukibonyeza chawaka taa ya buluu.

Bibi wa Unguja akakitazama. "Hiki ni nini?"

"Chetezo, mama."

"Kina waya."

"Ni cha kuchaji. Hakina jivu, hakichomi zulia."

"Mjukuu wangu nimfukize kwa chaja?" Akashika kiuno. "Khaa! Udi nimeusonga mwenyewe Unguja, kwa sukari na marashi, nimeubeba mpaka huku, nikauweke juu ya taa ya buluu? Udi unataka kaa la moto. Kaa linataka kigae. Hebu nipisheni."

Akaingia jikoni. Mimi nilikuwa sebuleni nikimkanda mtoto mgongo, namsikia akifungua makabati na kuyafunga, akizungumza peke yake kuhusu nyumba za siku hizi zisizo na hata kigae kimoja. Kisha akanyamaza. Kisha nikamsikia anasema, kwa furaha, "Aaa! Kumbe mkwe wangu anajua mambo."

Msiniulize kwa nini sikukumbuka palepale. Mtoto mkononi, vigelegele vya Wasomali masikioni, pilau motoni. Niliinua macho nikamwona Bibi wa Unguja anakuja, amebeba kigae juu ya kitambaa, ndani ya kigae kaa jekundu limewashwa kwenye gesi, na udi juu yake unatoa moshi mweupe mzito. Harufu ikajaa nyumba nzima ikatoka mpaka ngazini. Akamzunguka binti yangu, akamfukiza chini ya leso, akamfukiza nywele, akampitisha mtoto juu ya moshi mara tatu huku akimsomea. Mtoto akapiga chafya, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga pamoja nao, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukiona ni kigae gani na sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Hodi mlangoni. Dereva, na katoni ya soda begani, shati limepigwa pasi.

"Hongera! Hongera mama mtoto!" Akavuta pumzi. "Wueh, nyumba inanukia kama..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mikono ya Bibi wa Unguja. Katoni ikamteleza begani. Kama mume wa binti yangu asingekuwa macho siku hiyo, tungekunywa soda sakafuni.

"Bibi," akasema. "Hiyo... umeitoa wapi?"

"Kabatini. Kwani?"

"Bibi, hiyo ni ya Midiani."

"Ya nani?"

"Ya Musa!"

Bibi wa Unguja akakitazama kigae, akamtazama dereva. "Mwanangu, kigae ni kigae."

Ikabidi nieleze. Nilieleza mbele ya wote, mtoto mkononi, na kila nilivyozidi kueleza Bibi wa Unguja alizidi kukiweka kile kigae mbali na mwili wake, mpaka mikono ikanyooka yote. Msomali wetu akasema Allahu akbar. Binti yangu akaanza kucheka, ile ya kushindwa kujizuia, akashika tumbo. Na cheko ni kama chafya: akafuata mumewe, nikafuata mimi. Dereva peke yake hakucheka.

Kaa lilipozimika, tukakigeuza. Ndani, pale palipokuwa pekundu, sasa palikuwa na doa jeusi la duara, na sukari ya udi imegandia inang'aa.

"Hilo halina shida," akasema Bibi wa Unguja, keshakunja mikono ya gauni. "Nipeni jivu na kumbi la nazi. Nikikisugua mie kitarudi kama kimetoka tanuri."

"Usiguse!" Dereva alipaza sauti mpaka akajishtua. "Samahani, Bibi. Usiguse. Kule ukiosha vigae huoshi weusi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Weusi wanaupima, wanajua watu walipika nini. Kuna kijana alisugua kimoja kikawa kisafi kabisa, akafikiri atasifiwa. Daktari alikaa chini kama amefiwa."

Bibi wa Unguja akaurudisha mkono. Mwanamke yule, nadhani, hakuwahi katika maisha yake kuambiwa asisugue chungu.

Mume wa binti yangu akasema jambo la kiume. "Mnahangaika nini? Twende Korniche, kitupwe baharini. Halas. Hakuna aliyekiona, hakuna aliyekichukua."

Nilimtazama dereva, nikaona lile neno linavyomwingia. Lilikuwa jepesi, lilikuwa karibu, gari liko chini. Hakuna ambaye angemlaumu. Na ni kweli, mimi mwenyewe nilitaka aseme ndiyo, kwa kuwa nilimpenda kijana yule na nilijua nani analishwa na kazi ile.

Bibi wa Unguja ndiye aliyejibu kwanza. "Kitupwe? Kigae nilichomfukizia mjukuu wangu kitupwe baharini kama ganda?"

"Mama, ni njia ya kumwokoa mtu."

Dereva akatikisa kichwa. Akakichukua kigae na kitambaa chake. "Nikikitupa," akasema polepole, "kila nikimpigia mama nitakuwa naongea na mtu niliyemdanganya. Na yule daktari ataendelea kuniita mtu mwaminifu. Hapana. Kesho naenda Riyadh, nitasema. Wakinifukuza, wamenifukuza."

"Huendi peke yako," akasema Bibi wa Unguja. "Ndege yangu ya kurudi inatokea Riyadh, Jumapili. Nikate tiketi ya basi ya nini? Kuchukua umechukua wewe, kuchoma nimechoma mie. Tutasema sote."

Na mimi nikasema nitakwenda kumsindikiza mkwe wangu. Kwa kweli nilikwenda kuona mwisho.

Tukaondoka alfajiri, maboksi ya vifaa nyuma, sisi wawili kiti cha kati, kigae kwenye bati la biskuti mapajani pa Bibi wa Unguja. Safari ya siku nzima. Tulipopanda milima ya Taifu masikio yakaziba, na Bibi wa Unguja akasoma dua zote anazozijua na mbili za kusafiria baharini. Baada ya hapo ni jangwa, na jangwa, na alama ya kuonya ngamia, na ngamia wenyewe. Dereva alikuwa akijizoeza maneno kwa Kiarabu chake, ambacho chote ni cha barabarani, apate kusema kwamba yeye amekosa lakini si mwizi.

"Doktora, ana gilati. Ana kukosa. Ana mafi mwizi."

"Mafi mwizi si Kiarabu," nikamwambia.

"Atanielewa?"

"Ataelewa umekosa. Usiendelee hapo, utaharibu."

Bibi wa Unguja akampa kipande cha mkate wa kumimina. "Kula. Mtu hahukumiwi akiwa na njaa."

Ghala yao Riyadh ilikuwa na baridi ya kiyoyozi mpaka nikajuta sikubeba shali. Meza ndefu, na juu ya meza masinia, na kwenye masinia vigae, vigae, vigae, kila sinia na kikaratasi chake kinachosema vilitoka upande gani na kina gani. Wasichana watatu walikuwa wakiviosha kwa miswaki ndani ya mabeseni. Hawakuzungumza kwa nguvu, kama watu wanaoosha vitu vya mwenyewe aliyelala chumba cha pili.

Daktari akaja. Nilikuwa nimemwazia mtu mzima, mkali. Kumbe msichana, mdogo kuliko binti yangu, abaya yake ina vumbi pindoni, miwani kichwani. Akamsalimu dereva vizuri, akatusalimu sisi, akaagiza chai. Dereva akasema chai baadaye. Akafungua bati la biskuti, akaliweka mezani, akasema yale maneno. Yalimtoka nusu. Nusu nyingine nilimtafsiria mimi, kwa Kiarabu cha Hindawiyah, cha jikoni, lakini cha kweli.

Daktari akavaa miwani. Wasichana wa mabeseni wakaacha kusugua. Nilisikia maji yakidondoka.

"Ulikitoa wapi hasa?" akauliza.

"Chini ya kilima, kando ya njia, pale tulipobadilisha gurudumu."

"Juu ya mchanga, au ulichimba?"

"Juu. Wallahi juu."

"Unajua kwa nini tunawakataza?" Hakupaza sauti. "Kigae chenyewe si kitu. Maneno yake yako mahali kilipolala, na nani amelala jirani yake. Ukikiondoa, kinabaki hakina kwao."

Dereva akainamisha kichwa. Hapo Bibi wa Unguja hakuweza tena. Akasimama mbele yake, mfupi, buibui lake limejaa makunyanzi ya safari, akasema kwa Kiswahili, mimi nikitafsiri mbio nyuma yake: "Mwambie, huyu kakosa kwa ajili ya mama yake. Kukiunguza nimekiunguza mie. Nimemfukizia mjukuu. Mwambie weusi wa ndani ni wangu, weusi wa nje nimeukuta. Asije akasema watu wa zamani walipika sukari."

Daktari akakiinua kigae, akakigeuza, akakisogeza puani. Akanusa. Kisha akakipeleka karibu na taa, akakigusa ukingo kwa kidole.

Dereva akashindwa kuvumilia. "Daktari, ni cha wakati wa Musa?"

Mimi nilingoja "huenda". Safari hii hakuisema.

"Hapana," akasema. "Hiki hapana kabisa. Udongo huu na umbo hili ni vya wachungaji waliopiga kambi chini ya kilima. Enzi za babu wa babu zetu, si zaidi."

Nikatafsiri. Bibi wa Unguja akapiga makofi mara moja. "Kumbe rika langu!"

Dereva alisimama kama mtu aliyebeba gunia la mawe ngazi tatu akaambiwa ni pamba. "Kwa hivyo sikuchukua kitu?"

"Umechukua," akasema daktari, uso haujalegea. "Cha Musa na cha jana, sheria ni moja. Siwezi kuamua peke yangu. Ngojeni."

Akatoka na simu. Tulingoja. Chai ikaja, haikunyweka. Dereva alisimama dirishani akilitazama gari lake, kama mtu anayeaga. Msichana mmoja wa mabeseni alimfundisha Bibi wa Unguja jinsi ya kushika mswaki, bila nguvu, kwa kuzunguka, na Bibi wa Unguja akaosha kigae kimoja, cha watu wa kilimani hasa, na alipokiona kina weusi akaurudisha mswaki mezani bila kuambiwa, akanitazama kwa majivuno.

Daktari akarudi. Akasema amemweleza mkubwa wake yote. Mkubwa alikasirika, akauliza maswali, akauliza nani aliyemkamata dereva huyu. Akamjibu hakuna aliyemkamata, amekuja mwenyewe kutoka Jeddah na bibi wawili. Mkubwa akauliza tena, "Bibi wawili?"

Dereva atabaki kazini. Lakini kuanzia safari ijayo, kila dereva mpya akifika kilimani, ni yeye atakayemkalisha chini na kumweleza kisa hiki, chote, na soksi, na udi, kwa kinywa chake mwenyewe. Na kigae kitapewa kikaratasi, kwa sababu kila kitu humo kina kikaratasi. Daktari akakiandika hapo hapo: kilipookotwa, na nani, na kwamba upande wa ndani kimefukizwa udi, Jeddah, kwenye arobaini ya mtoto.

Dereva akafunika uso kwa mikono miwili. Bibi wa Unguja akatoa kitambaa alichofungia udi, akaumimina wote kiganjani mwa daktari, na daktari akafunga vidole juu yake kama mtoto aliyepewa peremende. Hapo tukanywa chai, na ilikuwa imepoa, na tukaisifu.

Bibi wa Unguja aliruka kesho yake. Mimi na dereva tukarudi Jeddah na gari tupu, na kabla hatujafika Taifu akasimama kando ya barabara kumpigia mamake, kwa sababu ilikuwa Jumapili. Akaiweka simu sauti ya nje. Alimweleza yote kwa Kikamba, kwa muda mrefu. Kisha mamake akasema jambo fupi, na dereva akaanza kucheka mpaka akaegemea boneti.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Anasema, kama hicho kigae ni cha wachungaji, Musa naye alikuwa mchungaji. Ati ningemletea tu."

Ndivyo ninavyokikumbuka. Kama kuna aliyekuwapo akisoma haya akaona nimeteleza, aniambie, sioni haya kurekebishwa. Bibi wa Unguja kwenye simu hushikilia kwamba daktari alicheka aliponusa kigae, kabla ya kwenda kupiga simu, na kwamba kutoka hapo yeye alikwisha kujua dereva amepona. Mimi nakumbuka hakucheka hata kidogo mpaka alipopewa udi. Dereva anasema hakucheka kabisa, alikohoa. Wasichana wa mabeseni walikuwa karibu kuliko sisi. Kama mpo, tusahihisheni.